Mwano wa Pili

Nakumbuka siku moja ya masika mabaya, mwanangu, miaka ile kampuni za watu binafsi zilipoanza kununua pamba yetu huku Lingeka. Mto ulifurika usiku, asubuhi mdogo wangu Maduhu akaonekana kwa mbali bondeni, amesimama juu ya kichuguu, maji yakimfika magotini.

Askari polisi aliyekuja na redio akaniambia helikopta itatua uwanja wa shule inichukue, maana mimi ndiye niliyelijua lile bonde. Nikapewa kazi moja tu, kuhakikisha uwanja ni mtupu. Lakini mimi Msukuma, ndugu yangu anakufa, nikae kimya? Nikapiga mwano, lile yowe ambalo ukilisikia unaacha jembe na kukimbilia linakotoka. Nilidhani penye wengi hapaharibiki neno. Kikaja kijiji kizima.

Helikopta iliposhuka, upepo wake uling'oa bati la ghala la pamba. Likapita juu ya vichwa, likaanguka hatua moja kutoka kwa mama mmoja aliyebeba mtoto. Rubani akapaa, akawa anazunguka juu. Niliwafukuza watu, wakazidi kusogea. Maji sasa yalikuwa kiunoni mwa Maduhu. Nikamlaani rubani. Nilisema ashuke tu, atakayeumia aumie.

Shangazi Kabula, dada wa baba yangu, akanikamata kola.

"Maduhu ni wetu," akasema. "Na yule aliye mgongoni mwa mama yake, ni wa nani?"

Hata leo naona aibu.

Akaniacha, akakimbia na uzee wake mpaka nyuma ya ghala, akashika njia ya mnadani. Mara tukasikia mwano kutoka huko. Watu wakageuka wote wakamfuata, kwa kuwa mwano hauulizwi. Uwanja ukabaki na mimi na askari. Helikopta ikatua, nikapanda. Tulimpata Maduhu maji yakiwa kifuani.

Sasa, mwano wa uongo kwa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ni kosa kubwa. Jioni shangazi aliitwa mbele yao. Hakukana wala hakujitetea. Akatozwa fahali, naye hakuwa na hata mbuzi, kwa hiyo fahali alitoka zizini kwangu. Alichinjwa, kijiji kikala. Yule mama alikaa karibu yangu, akamtafunia mwanawe kipande laini. Nikamtazama mtoto anavyomeza, nikalia mbele za watu, mwanaume mzima.

Mwanangu, ukiwa na uchungu wa mtu wako, usidhani umepewa ruhusa ya kuhatarisha wa mwenzako. Kabla hujaita watu, jiulize watasimama wapi. Aliyekuja kukusaidia naye ana mama anayemngoja, na mwenye kuokoa akisita kwa ajili yake, usimtukane.

Mungu akupe ndugu wa kuwalilia, akupe na macho ya kuwaona wasio ndugu zako. Na siku ukikosea, asikunyime shangazi wa kukukamata kola.