Salamu Kwanza, Maji Baadaye

Wenzangu mliosoma shule ya msingi huku Ufipa miaka ya vijiji vya Ujamaa, naamini nyayo zenu bado zinakumbuka. Tulitembea. Tulitembea kwenda shamba la shule, tulitembea kuchukua mbegu, tulitembea kuunga mkono jambo hili na lile, na mara nyingine tulifika kabla hatujaelezwa vizuri tunaunga mkono nini. Lori likipita tulilipungia mikono mpaka vumbi lilipotufumba macho. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka, nasi hatukujua kwamba hilo ni swali ambalo mtoto anaweza kuulizwa.

Safari ninayotaka kuisimulia ni ya mwaka ule mvua ilipogoma. Novemba ilikuja ikaondoka, ng'ombe wakabaki mbavu, na ule upepo wetu usio na mti wa kuuzuia ukawa unahamisha udongo wa shamba la huyu kwenda la yule bila kibali cha kamati ya kijiji. Wakati huo shule yetu, iliyokuwa upande wa Kaengesa, ilialikwa Sumbawanga mjini kwenye mashindano ya ngonjera. Mada tuliyopewa ilikuwa maji safi kwa kila kijiji.

Kiongozi wetu alikuwa Odilia, tuliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mwembamba, mpole, lakini akifungua kinywa hata mbuzi waliokuwa wakila nyuma ya darasa waliinua vichwa. Mwaka uliotangulia, msichana aliyeongoza alikatikiwa na sauti katikati ya ubeti, mbele ya wakubwa wa wilaya. Akalia, nasi tukalia kwa kumfuata, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu wetu, Mwalimu Anselmi, hakuisahau aibu ile. Tangu alfajiri ya safari alimfunga Odilia skafu shingoni na kumkataza kusema neno lolote mpaka apande jukwaani kesho yake.

"Sauti yako leo si yako," alimwambia. "Ni ya shule."

Odilia aliitikia kwa kichwa. Aliipata nafasi ile kwa kushindana na wasichana watatu, mmoja wao mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, na alijua kwamba akikwama hatapewa tena.

Kosa letu lilianzia jikoni. Mama zetu, kwa kutuenzi, walitupikia ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi, walioletwa kutoka Kasanga, kitoweo cha sikukuu. Mama alisema mtoto hasafiri na tumbo la jana. Tulikula mpaka tukalamba vidole, tukatia vipande vingine mifukoni tule njiani, tukaondoka tukiimba. Kufika saa nne vibuyu vyetu vyote viwili vya maji vilikuwa vitupu, na bado Pito, tulikotarajia kulala, ilikuwa mbali. Nyimbo ziliisha zenyewe. Telesfori, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi wote, alijaribu kutunga wimbo wa kumlaani mgebuka, lakini ubeti wa pili ulimshinda.

Vijiji tulivyopita vilikuwa vipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara kama wanafunzi kwenye gwaride. Watu walitupokea vizuri, wakatuonyesha visima vyao vilivyochimbwa mwaka ule ule: chini kabisa kulikuwa na tope na chura. Mama mmoja alitupa pole, akatuambia maji yao halisi waliyaacha kule walikohama. Hapo Mwalimu Anselmi akasimama, akatazama vilima. Alikuwa mtoto wa huku huku. Alisema babu zetu hawakujenga mahali bila kwanza kuonja maji yake, kwa hiyo tutafute mahame. Tukaacha barabara, tukafuata bonde lililokuwa na matuta ya zamani na kuta za udongo zilizobomoka, na pale bondeni kabisa tukaona kipande cha majani mabichi kisichozidi ukubwa wa mkeka.

Hatukungoja amri. Tulikimbia sote, na mwalimu akiwemo.

Kando ya yale majani alikaa bibi mmoja na mtungi wake, ameshika kata ya kibuyu. Nyumba yake mpya ilikuwa barabarani kama za wenzake, lakini kila siku alirudi kwenye kisima chake cha zamani, akakaa kungoja maji yajikusanye. Sisi tulimpita, tukajitupa kifudifudi. Ghafla tukaona kata imewekwa juu ya kishimo cha maji, na mguu wa bibi mbele ya pua zetu.

"Nyie ni watoto wa nani," aliuliza taratibu, "mnaompita mtu kama mnapita kisiki?"

Mwalimu alijifuta vumbi, akaamkia shikamoo harakaharaka, akaeleza kuhusu mashindano na muda.

"Haraka yenu nimeiona," bibi alisema. "Salamu ndiyo sijaiona. Rudini kule kwenye kichuguu, mje upya kama watu. Na wewe mwalimu."

Tulirudi. Mwalimu Anselmi alitangulia akiwa ameinamisha kichwa, na Telesfori akaninong'oneza kwamba leo mwalimu karudishwa darasa. Tukaja upya. Mnaijua salamu ya kwetu: unachuchumaa, unapiga makofi ya polepole, unangoja ujibiwe, unauliza ya nyumbani, unaulizwa ya kwenu, na makofi hayakomi. Bibi alimsalimia kila mmoja peke yake. Ndimi zetu zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma, lakini tulimjibu habari za wazazi, za kuku, hadi za ndama. Kisha akafika kwa Odilia. Odilia alichuchumaa vizuri kuliko sote, akapiga makofi, na mdomo akaufunga.

"Huyu ni bubu?"

"Si bubu, bibi," Telesfori alisema. "Ametunzwa."

"Ametunzwa kama jembe la kuazima?" Bibi hakuiondoa kata. "Basi nangoja."

Odilia alimtazama mwalimu, machozi yakimlenga. Akisema, amevunja amri, na sauti ikiharibika nafasi imekwenda. Asiposema, wenzake wote hawanywi. Mwalimu alitazama kisima, akatutazama sisi, akameza mate ambayo hakuwa nayo.

"Msalimie bibi, Odilia," alisema.

Kilichotoka kilikuwa mlio wa bawaba ya mlango wa ghala. Hakuna aliyecheka. Ule ukimya wa kutwa nzima, juu ya chumvi ya Kasanga, haukuitunza sauti hata kidogo. Odilia alijishika koo kwa mikono miwili. Mwalimu akakaa chini.

Bibi hakushtuka. Alichota maji, akampa. "Funda moja. Shikilia kwanza mdomoni. Haya, nisalimie tena."

Akasalimia tena, safari hii kwa mkwaruzo. Akapewa funda jingine. Bibi akauliza habari za mama yake, Odilia akajibu. Akauliza za shangazi, za mbuzi, za ukuta wa jikoni, na kati ya jibu na jibu alimpa maji, na kila jibu lilitoka laini kuliko lililopita. Walipofika kwenye habari za paka, ilikuwa sauti ya Odilia kabisa. Ndipo nasi tukanywa, kata moja moja, tukingoja kishimo kijae. Maji yale yalikuwa na ladha ya udongo, na sijanywa tena maji matamu kama yale.

Kesho yake sauti yake ilifika mpaka ukuta wa mwisho wa uwanja. Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa wa mjini, waliofika uwanjani bila hata kuloa jasho. Tukirudi tulipita bondeni kumpa bibi taarifa, naye akataka asikie. Odilia akamghania ngonjera nzima, yeye peke yake. Bibi alifikiri kidogo, akasema, "Maneno ni mengi. Ila sauti ipo."

Siku hizi vijana hutembea kwa hiari na wanalipia. Mwezi uliopita mjukuu wangu na wenzake walitembea kutoka mjini hadi Kaengesa, kila mmoja na mfuko wa maji mgongoni wenye mrija unaofika mdomoni, asisimame hata kunywa. Alirudi amefurahi, akaniamkia vizuri, akasema safari ilikuwa poa. Nikamuuliza walikutana na nani njiani.

"Hatukukutana na mtu, bibi," alinijibu.

Njia ile naijua, na siku hizi ina nyumba tangu mwanzo hadi mwisho.