Msimu Ilona Alioanzisha Mpira kwa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo alinionyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha na kuniambia nisimguse mgonjwa yeyote wiki ile.

"Kaa hapa uwatazame wanavyotoka kwenye magari mpaka mlangoni," alisema. "Wakiingia, tazama wanavyovua makoti. Ukishajua kutazama, nitakupa mgonjwa."

Nilikaa pale kwa shingo upande. Nilikuwa nimesomea fiziotherapia Moshi, nikafanya kazi hospitalini Tanga, kisha nikaja Minneapolis kusoma tena na kufanya mitihani yao. Nilijiona najua. Kwa ninyi vijana mnaosoma haya bila kuijua kazi yetu, fiziotherapia ni kumrudishia mtu mwendo wa viungo vyake baada ya ajali, upasuaji au maradhi, kwa mikono na kwa mazoezi. Kliniki yetu ilikuwa Crystal, kitongoji cha Minneapolis, ndani ya jengo la ghorofa moja lenye uwanja mkubwa wa magari mbele, na wiki ile dirisha lilinifundisha jambo ambalo sikulisoma popote. Mwenye bega bovu huvua kwanza mkono ulio mzima, halafu huliacha koti liteleze lenyewe kutoka upande unaouma. Makoti ya baridi ya kule ni mazito kama magodoro. Mtu anaweza kukuficha mengi, lakini koti lake litasema.

Ndivyo nilivyomtambua Ilona.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na nilikuwa nimeshahamishwa. Kliniki ilikuwa na makubaliano na klabu moja ya tenisi upande wa Inver Grove Heights, yenye viwanja vya ndani kwa sababu ya theluji, nami nikapelekwa huko kuwahudumia wachezaji. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kukandia, kanda za mpira za kuvutia, na kipimapembe, ambacho ni kifaa chenye mikono miwili cha kupima kiungo kinafika wapi. Mapokezi alikaa Wanjiru, Mkenya wa Nakuru, ambaye hakuna aliyepita mbele yake bila kusalimiwa kwa jina.

Kocha Mkuu wa klabu alikuwa mzee wa Kihungari aliyehamia Minnesota zamani. Majira yale ya baridi alimleta msichana wa miaka kumi na tisa kutoka mji aliozaliwa yeye, Szeged, afanye mazoezi kwetu na kushiriki mashindano madogo ya kulipwa ya Marekani. Ndiyo njia ya wachezaji wote wachanga. Unazunguka miji usiyoijua, unacheza mbele ya watu wachache, unaokota pointi moja moja ili jina lako lipande kwenye orodha ya dunia. Usipocheza, jina linashuka, na wenzako hawakungoji.

Ilona aliingia, akasalimia, akavua koti. Mkono wa kushoto kwanza. Kisha akainama kidogo, koti likateleza kutoka bega la kulia mpaka sakafuni, akaliokota kwa mkono wa kushoto.

"Linauma tangu lini?" nilimuuliza.

"Haliumi," alisema.

"Basi nivulie koti hilo tena."

Alinitazama, akakaa kitandani. "Tangu kiangazi," alisema. "Tafadhali usimwambie Kocha."

Nilimweleza kwamba kwa kazi yangu siwezi kumficha, ila nitamwacha amwambie mwenyewe kwanza. Alimwambia siku hiyo hiyo. Daktari wa mifupa alimpiga picha na kukuta kano ya bega imechanika kidogo. Alitupa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kisu. Ya pili ilikuwa miezi ya kuimarisha misuli midogo inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake, na muda wote huo mkono usipande juu ya bega. Ilona alichagua ya pili.

Nimewahudumia watu wengi maishani, wanajeshi, wauguzi, wapiga mpira wa vyuo. Sijaona mwenye adabu ya kazi kama msichana yule. Mazoezi yenyewe hayana raha. Unafunga kanda ya mpira mlangoni, unabana taulo kati ya kiwiko na ubavu, unavuta taratibu, unarudisha taratibu zaidi. Wachezaji wengi huona ni mchezo wa watoto na kuyaruka. Ilona aliyafanya kana kwamba uwanja umejaa watu wanaomtazama. Nikimwambia "pole pole" alirudia neno hilo kwa lafudhi yake, na baada ya wiki chache akawa anawaambia wachezaji wengine. Jumapili nilimchukua kwenda naye nyumbani kwangu, tukapitia Cedar-Riverside kwenye maduka ya watu wetu kununua nyama na viungo, nikapika pilau. Salma, binti yangu, alimfundisha kula kwa mkono. Alitumia wa kushoto, Salma akacheka, nikasema mwacheni, wa kulia upo likizo.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, daktari alimruhusu kupiga mipira ya kawaida, ile ya usawa wa kiuno. Juu ya bega bado. Na wakati huo huo klabu yetu ilikuwa iandae mashindano, na Kocha Mkuu alikuwa na nafasi moja ya mwalikwa.

Alikuja chumbani kwangu akafunga mlango. "Mama Salma, mpe ruhusa," alisema. "Akikosa mashindano haya jina lake linatoka kwenye orodha. Nimewaona wengi wakirudi nyumbani na mizigo yao. Sitaki huyu awe mmoja wao."

Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nikimpa ruhusa, kano itakatika," nilimjibu. "Hapo atarudi na mizigo na bega bovu."

Ilona alikuwa kitandani, anasikia yote. Akaniuliza, "Mkono usivuke bega?"

"Usivuke."

"Basi nitaanzisha mpira kwa chini."

Hapa nieleze. Katika tenisi kila pointi huanza kwa mchezaji mmoja kuurusha mpira juu na kuupiga kwa nguvu ukiwa juu ya kichwa. Hiyo ndiyo silaha kubwa ya mchezo. Sheria haikatazi kuupiga kwa chini, lakini hufanya hivyo mtoto anayejifunza, au mtu anayemdhihaki mpinzani.

"Watakucheka," Kocha alisema.

"Wacheke."

Alitoka bila kuaga. Wanjiru, aliyesikia kila kitu kupitia ukuta, aliniambia, "Lakini Mama Salma, huyu msichana ata-survive aje huko nje? Hao watu watam-finish."

Kesho yake nilimkuta Kocha uwanjani na kikapu cha mipira. Alikuwa anamwonyesha Ilona jinsi ya kuukata mpira kwa chini, raketi ikipita chini yake kama kisu kinavyomenya chungwa, ili ukigusa ardhi ukwepe pembeni na ufie hapo karibu na wavu. Alisema aliupiga hivyo utotoni, kwenye viwanja vya udongo vya Szeged, kuwaudhi kaka zake. Walifanya mazoezi ya mpira huo mmoja mpaka nikaja kuwafukuza.

Mechi ya kwanza alipangiwa Mmarekani mrefu kutoka chuo kimoja. Ilona alipopiga mpira wa kwanza kwa chini, watu walicheka kama Kocha alivyosema. Mmoja nyuma yangu aliuliza kama msichana huyu amepotea njia. Mmarekani alikuwa amesimama mbali nyuma ya mstari, akaanza kukimbilia mbele, hakufika. Mara ya pili akafika lakini akaupeleka nje. Mara ya tatu alisogea karibu, Ilona akausukuma mrefu ukampita. Kicheko kilipungua, halafu kikaisha kabisa. Ilona alishinda, na watu walisimama kumpigia makofi. Wanjiru alikuwa ameacha mapokezi bila mtu.

Mechi ya pili ilikuwa na mchezaji mzoefu, mwanamke aliyezunguka dunia miaka mingi. Hakushangazwa na kitu. Walifika seti ya mwisho, na Ilona akapata nafasi ya kumaliza, pointi moja tu. Mpinzani, aliyekwisha kumzoea, alisogea mbele mno, karibu nusu ya uwanja. Hata mimi nisiyejua tenisi nilielewa. Mpira mmoja tu wa juu, wa nguvu, ungempita kabla hajageuka.

Ilona naye aliliona. Alisimama akadundisha mpira muda mrefu. Mkono wa kushoto ukaurusha, ukapanda juu kabisa ya kichwa chake, na raketi ikaanza kwenda nyuma. Kisha akashusha raketi, akauacha mpira uanguke, akaudaka. Sheria inaruhusu hivyo. Akaupiga kwa chini.

Mpinzani aliurudisha kwa urahisi, akachukua pointi ile, na baadaye mechi.

Kocha Mkuu alikuwa kando yangu. Nilidhani atakasirika. "Ningekuwa mimi, ningeupiga," alisema polepole. Akainuka, akaenda kumbebea mfuko wake mpaka chumbani kwangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mchezaji.

Ilona alikaa kitandani akalia. "Ulikuwa pale," alisema. "Ulikuwa juu, ningeuweza."

"Najua."

"Sasa sina ushindi, na bega sijui."

"Inua mkono," nilimwambia.

Wiki hiyo hatukuwa tumelipima, na daktari alikuwa ameshaturuhusu kuujaribu mkono juu, taratibu na bila raketi. Aliinua kwa woga, ukafika usawa wa bega, akasita. Nikamshika kiwiko, nikamwambia aendelee. Ukapita bega, ukapita sikio, ukasimama wima. Niliweka kipimapembe, ingawa hakukuwa na haja. Alibaki ameunyoosha juu, machozi yakiendelea kushuka, na Kocha mlangoni akasema kitu kwa Kihungari ambacho hakuna aliyenitafsiria.

Pointi za ushindi ule mmoja zilitosha kulibakiza jina lake kwenye orodha, chini kabisa. Kiangazi alirudi kuanzisha mpira kwa juu, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu zake zote. Mwaka uliofuata aliondoka kwetu, akaanza kushinda mashindano madogo ya Ulaya, na baadaye tulimwona kwenye televisheni ya mapokezi akicheza kwenye viwanja vikubwa. Wanjiru aliwaambia wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwamba huyo ni mtoto wetu, na wazungu wakamtazama wasimwelewe.

Nilihamishwa tena, hospitali ya Minneapolis, nikawa msimamizi, nikawakalisha vijana wangu dirishani kama nilivyokalishwa. Nimestaafu sasa. Wananiuliza mashine gani ilinisaidia zaidi, nami huwaambia mashine ni nzuri, zitumieni, lakini bega linaponeshwa na mwenye bega. Sisi tunamshika kiwiko tu.

Miaka mingi baadaye simu iliita nikiwa jikoni. Sauti nzito kidogo kuliko niliyoizoea iliniambia, "Mama Salma, leo nimecheza mechi yangu ya mwisho. Nimeacha."

Jambo la kwanza lililonitoka ni, "Bega?"

"Bega zima kabisa," alisema akicheka. "Nimechoka tu kulala hotelini."

Katika kazi yetu, mgonjwa aliyepona haji tena. Anaondoka na mwendo wake, nawe hujui alifika wapi. Mimi wangu mmoja alinipigia simu.