Kikosi Kifungwe Ijumaa

Nilikuwa wa mwisho misimu miwili mfululizo, na si kwa sababu sijui mpira. Mpira naujua. Ninauza chumvi ya ziwa Katwe katika soko la Kasese, Uganda, na redio yangu inatangaza mechi tangu nafungua gunia mpaka nafunga. Nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya Sabato.

Ligi yetu ni ile ya kwenye simu: unachagua wachezaji wa kweli wa Uingereza, unapanga kumi na mmoja wa kuanza, na wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi. Tuko wachuuzi na madereva wa bodaboda wa Kasese na Bwera, na mwanamke ni mimi peke yangu. Mwenyekiti ni muuza vitenge aliyetoka Butembo, kule Kongo, akafungua duka Bwera, Mkatoliki mcheshi, mbishi kama mimi. Yeye ndiye aliyeleta masharti ya kikosi: kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu, mshambuliaji angalau mmoja, na wote kumi na mmoja wawe watu watakaocheza kweli. Ukianzisha mtu aliyeumia, unakatwa pointi. Alikuwa na nia njema, maana wengine walikuwa wanatelekeza timu zao ifikapo Krismasi.

Lakini habari za nani ameumia hutoka Jumamosi, na mimi ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama nazima simu, naiweka kabatini chini ya mashuka, siigusi mpaka jua la Jumamosi lizame. Wenzangu wanarekebisha vikosi wakinywa chai. Mimi niko kanisani, na mshambuliaji wangu yuko kwao na goti limevimba. Nilikatwa pointi mpaka nikazoea. Na kwetu wa mwisho ndiye anayesonga bundu, ugali wetu wa muhogo, siku ya sherehe ya kufunga msimu. Nilisonga mara zote mbili, wanaume wakila na kuusifu mkono wangu. Sifa hizo zilinichoma.

Mume wangu akaniambia niache. Nikakataa. Sikutaka kuiacha ligi, wala kuiba dakika za Sabato. Nilitaka vyote viwili, na sikuona aibu kuvitaka.

Kabla ya msimu huu kuanza tulikutana dukani kwa mwenyekiti. Nikasimama nikatoa hoja yangu: kikosi kifungwe Ijumaa kabla jua halijazama. Kila mtu atume picha ya kikosi chake kwenye kundi letu la WhatsApp, na akibadilisha baada ya hapo, pointi za wiki hiyo hana.

"Mama," mwenyekiti akasema, "mupira iko ya Jumamosi. Tutafunga ekipe Ijumaa juu ya mutu moya?"

Aliyecheka kuliko wote ni dereva mmoja wa bodaboda, anayeniita Nyabo, yaani mama. "Nyabo, omba tu pasta akuruhusu. Mungu naye iko naona mpira!"

Nikawauliza ni nani kati yao hajawahi kusahau kikosi Jumamosi. Kicheko kikapungua. Jumamosi ni siku ya harusi. Anayekodisha viti hashiki simu, wala anayebeba wageni. "Ninyi mnakatwa kwa ajili ya harusi za watu," nikasema, "mimi nakatwa kwa ajili ya Mungu wangu. Ijumaa wote tuko sawa." Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita, mwenyekiti akiguna.

Ijumaa ya kwanza tu, zogo. Kasese milima hulimeza jua mapema. Mimi napiga kelele kwamba linazama, mwenyekiti anatuma picha ya jua linawaka juu ya mabati ya duka lake Bwera! Tulibishana mpaka tukakubaliana: saa kumi na mbili kamili, jua lizame lisizame.

Msimu ukaenda, nami nikapanda. Nilijifunza kuachana na mastaa wa kuumia-umia. Ikafika Jumamosi ya mwisho ya hesabu yetu, maana wiki ya kufunga msimu hatuihesabu, makocha huchezesha watoto. Mwenyekiti alikuwa ananiongoza kwa pointi chache. Sitadanganya: katikati ya wimbo kanisani nilikuwa namuwaza beki wangu wa kushoto.

Jua lilipozama niliwasha simu, ujumbe ukamiminika. Wa kwanza ulikuwa wa asubuhi, wa mwenyekiti: "Bandugu, mushambuliaji yangu ameumia. Munipe ruhusa nibadilishe yeye moya tu. Ni siku ya mwisho." Wawili walikuwa wamejibu kwamba sawa, ni mwenyekiti. Nikakaa kitandani, nikaendelea kusoma.

Chini yake akafuata yule dereva wa bodaboda. "Hapana. Nyabo iko kanisa, simu amezima, hawezi jibu. Sheria tuliweka na yeye. Hatuivunji yeye hayuko."

Wakamfuata wengine: hapana, hapana, hapana. Mwishowe mwenyekiti akaandika, "Sawa. Ekipe ibaki vile iko." Akakatwa pointi za mtu wake aliyeumia, beki wangu akafunga bao, na wachezaji wa Jumapili tulikuwa nao walewale. Nilikuwa wa kwanza.

Lakini sikuwa naangalia msimamo. Nilikuwa nasoma tena maneno ya yule dereva, machozi yananitoka, na mume wangu akaingia mbio akidhani kuna msiba. Nikampa simu asome mwenyewe. Kisha nikatoka uani nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani kaolewa.