Sikio la Kuazima

Daktari yule wa upasuaji alikuwa pande la mtu, lakini mikono yake ilikuwa na adabu. Kabla ya kumgusa binti aliisugua ipate joto, kisha akaketi kwenye kigoda macho yao yalingane, kwa kuwa binti alisikia kwa shida na alizoea kusoma midomo. Hakusema neno akiwa amempa mgongo. Alimweleza polepole kwamba atachukua gegedu kidogo, ule mfupa laini, ubavuni mwake, aichonge mfano wa sikio, aipachike pale alipozaliwa na kinundu tu. Kushoto kwanza, kulia mwakani. Mwenye sikio moja zima, jipya huchongwa kwa kuiga hilo hilo. Huyu hakuwa nalo, ikabidi kuazima umbo kwa mwingine. Akamgeukia mama mtu.

"Mama, niazime lako."

Mama akasogeza mtandio. Miaka kumi alikuwa akijiuliza alikosea wapi mimba ilipokuwa changa, na sasa alitulia, plastiki angavu imebanwa sikioni, kalamu ikipita taratibu juu yake. Daktari alichora, akafuta kwa pamba, akachora tena, akiguna kama fundi cherehani asiyeridhika na pindo. Alipomaliza alimwonyesha binti.

"Hapa chini mama ana mkunjo. Niuondoe? Sikio ni lako."

Binti aliutazama mchoro, akamtazama mama yake.

"Uache. Watu wajue nimelitoa wapi."

Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Daktari aliandika pembeni mwa mchoro, kwa herufi kubwa: MKUNJO UBAKI.