Nafasi Aliyoiacha Lackson

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile natamani kutema mate.

Lackson Mukuka, jirani yangu hapa Kashikishi, alijifunzia saksafoni katika bendi ya mgodi huko Copperbelt, akarudi kuvua samaki na kuanzisha bendi yake ya jazz. Watu wake walikuwa wachache, na yeye alitaka muziki mnene wa ala za shaba. Basi akaungana na Florent wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, mwenye bendi kubwa ya tarumbeta na tromboni. Kwao majina ya Kizungu kama hilo yalikuwa yamepigwa marufuku, ila kwetu alibaki Florent. Walitunga pamoja bila kuonana: Lackson alirekodi sehemu yake kwenye kaseti, wachuuzi wa samaki wakaivusha ziwa, Florent akaongeza yake. Kaseti zilirudi zinanuka samaki wakavu, lakini muziki ulikuwa mtamu ajabu.

Mwaka 1976 Olipa, dada yake Lackson, alikufa maji. Mashua ya Nkulu, tajiri wa samaki wa Kilwa, ilikuwa imejazwa watu na magunia kupita kiasi, ikazama. Nkulu hakuja hata kutoa pole, shetani yule. Lackson akatunga wimbo wa kumaliza matanga, upigwe na bendi zote mbili. Katikati aliacha nafasi: vyombo vyote vinyamaze, mama yao, Mama Febby, alie, ndipo shaba ziingie. Alitaka hilo tu, dada yake aliliwe vizuri. Kaseti ikavuka bila maelezo. Nani asiyejua nafasi ya kilio?

Siku ya matanga upepo uliwachelewesha watu wa Kilwa, wakaingia uwanjani bila mazoezi. Walipiga mpaka mwili ukanisisimka. Vyombo vikanyamaza. Mama Febby akasimama, akavuta pumzi alie.

Florent akadaka kipaza sauti. "Patron Nkulu! Baba ya batoto! Mwenye mashua!"

Na Nkulu mwenyewe akatokea nyuma ya wapigaji, akikata kiuno, akambandika Lackson noti kwenye paji la uso. Watu wakapiga makofi. Makofi, kwenye matanga! Majirani zangu walinichukiza kuliko hata Nkulu.

Lackson alishusha saksafoni. "Florent, umefanya nini?"

"Kaka, shi uliacha fasi bule mu kati ya wimbo?" Florent alishangaa kweli. "Kwetu fasi kama ile ni ya kuita jina ya patron. Njo yeye alitutolea feza ya tarumbeta. Nilizani umetuachia sisi."

"Ilikuwa ya Olipa."

Florent akaziba mdomo kwa mkono. Lakini watu wake hawakusikia chochote. Shaba ziliingia zote kwa pamoja, na vijana wakaanza kucheza.

Mama Febby alikuwa bado amesimama. Akamvuta mwanawe shati, akamuuliza kwa Kibemba kama zamu yake ya kulia imeshapita.