Nani Aliwaua Watoto wa Watasema

Tumbaku iliyolowekwa hainuki kama tumbaku inayovutwa. Inanuka kama kitu kilichooza kikiwa na hasira. Inaingia puani, inashuka kooni, na ukishaigusa inakaa mikononi siku mbili hata unawe kwa majivu. Harufu hiyo naijua tangu nikiwa na miaka kumi, na mpaka leo nikipita kwenye bani la mtu la kukaushia tumbaku nikaisikia, mate yananijaa mdomoni nataka kutapika. Watu husema ni tumbo. Si tumbo. Kwa harufu hiyo nilimpoteza mama yangu. Hakufa, alirudishwa kwao kama gunia la mahindi yaliyobunguliwa, na sababu iliyotolewa mbele ya ukoo ni kwamba watoto watano wa mbwa walikufa. Waliowaua nawajua kwa majina na leo nitawataja, kwa kuwa wengine wamezeeka na wameanza kuitwa watu wema.

Sisi ni Wasukuma wa kuhamia. Baba yangu, Luhende, aliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa, akajenga kwenye kijiji kimoja mbele ya Inyonga, pale ambapo msitu wa miyombo unaanzia nyuma ya choo. Ilikuwa miaka ya tisini. Mwaka wenyewe siwezi kuutaja, shule niliishia la tatu na nyumbani hakukuwa na kalenda. Nakumbuka majira: kiangazi cha baridi, Juni kuelekea Julai, nyasi zimelowa umande na ukipumua unatoa moshi kama mvuta kiko. Kila kiangazi baba alishusha ng'ombe bondeni, upande wa Kasansa, kufuata majani, akakaa huko miezi. Nyumbani tulibaki wanne: bibi mzaa baba, mama, mimi, na baba mdogo Masanja, aliyelima tumbaku na kujiona ndiye dume la boma. Masanja alikuwa na mbwa jike aliyempa jina la Watasema, ili kila akimwita majirani wasikie. Ndiyo tabia ya kwetu. Lile usiloweza kumwambia jirani usoni unampa mbwa alibebe. Fisi walikuwa wengi miaka hiyo na Watasema hakuwahi kumkimbia hata mmoja, kwa hiyo alipobeba mimba tu, Masanja akaanza kugawa watoto ambao hawajazaliwa. Alizunguka kijijini akiahidi huyu wa fulani, yule wa fulani, na kila alipoahidi alikaribishwa kata ya pombe.

Walizaliwa sita, kwenye kibanda cha kuni kando ya jiko la mama. Macho yamefumba, masikio yamebana, ngozi laini kama utumbo uliooshwa. Mama alimpikia Watasema uji wa mtama, akamtandikia gunia na juu yake kitenge chake chakavu. Nilipenda kuchuchumaa pale niwasikilize wakinyonya, sauti yao ikitoka kwa pamoja kama chungu kinachochemka polepole. "Usiwashikeshike, Minza," mama aliniambia. "Mchanga ni mchanga, hata akiwa wa mbwa." Kwa siku mbili walinenepa wakawa mviringo kama viazi, na mmoja ambaye ndiye mdogo kuliko wote, kijike chenye doa jeupe mgongoni, alikuwa akilala juu ya wenzake kama mtu aliyepata kitanda.

Siku ya tatu, jua halijatoka, mama akiwa ameshakwenda kisimani, Masanja aliniamsha kwa mguu. "Minza, amka. Beba karai." Karai lilikuwa na vikonyo vya tumbaku alivyoviloweka tangu jana yake. Hiyo ilikuwa dawa ya viroboto, alisema, na tena ilikuwa kipimo, alichodai kukirithi kwa babu yake: mtoto wa mbwa unamchovya kwenye maji ya tumbaku, unamlaza chini penye umande, unangoja jua litoke. Anayelia ni mwoga, atakuwa mbwa wa jikoni. Anayenyamaza ni mbwa wa fisi. Nikashika karai, yeye akawachovya mmoja mmoja mpaka shingoni na kuwapanga uwanjani kama mihogo inayoanikwa. Walilia wote, vichwa vikienda huku na huku kumtafuta mama yao, naye amefungwa kwenye nguzo ya zizi anavuta kamba mpaka inamkaba. Kisha mmoja akanyamaza. "Umemwona huyo?" Masanja alifurahi kweli. "Huyo simba kabisa. Huyo nampa Mzee Shija." Akanyamaza wa pili, na wa tatu. Nilimgusa mmoja tumboni kwa kidole, nikamkuta baridi kama chura. "Baba mdogo, huyu amepoa," nikasema. Akacheka. "Wewe unajua nini? Fisi anaogopa mbwa, haogopi uji wa moto." Jua lilipochomoza watano walikuwa kimya, na kile kijike cha doa tu ndicho kilichokuwa bado kinakwaruza sauti. Masanja alikisukuma kwa kidole cha mguu. "Hiki cha jikoni." Halafu akaniambia kwamba nikimweleza mama habari ya karai atanichapa kwa kamba ya ng'ombe mbele ya wenzangu. Nikaenda kumwaga maji nyuma ya bani.

Tangu saa hiyo hawakuwa tena wale. Nawaambia wenye mbwa, wasikie. Mtoto wa mbwa akishapoa hanyonyi. Ukimweka kwenye chuchu mdomo unabaki wazi, ukimkamulia maziwa yanarudi kupitia puani. Anatambaa kwenda pembeni peke yake, na mama yake anamsukuma kwa pua, maana mbwa anamjua aliyekwisha kuondoka. Hawa wetu miguu ilitetemeka, mate yakawatoka kama povu la sabuni. Wawili walikufa siku ileile, wawili kesho yake. Mama alidhani ni njaa, akahangaika na maziwa ya ng'ombe ya kuomba kwa jirani na kitambaa, na mimi nilikaa karibu yake nikiwa na jibu mdomoni kama mtu aliyemeza mfupa.

Asubuhi iliyofuata, wa tano akiwa ameshakauka, alipita Kapama, kijana wa Kikonongo, kabila la wenyeji wa pale, mrina asali, ambaye kila akitoka msituni alisimama kwetu kuomba maji. Alimkuta mama ameshika kile kijike cha doa kiganjani, kimelegea. "Dada, hicho hakijafa," akasema. "Kimepoa tu." Akakichukua, akafungua shati, akakiweka kifuani kwenye ngozi, akafunga vifungo juu yake. Alikaa hivyo jikoni kwa mama mpaka jua likawa utosini, anakunywa uji na kutania: "Leo nimezaa mie. Niitieni mkunga!" Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba ashuke bondeni. Kijike kilipoanza kulia ndani ya shati, Kapama alikirudisha kwa Watasema, nacho kikanyonya. Bibi yangu alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage, na hakuna kilichompita.

Sasa Masanja alikuwa ameahidi wanaume watano mbwa wa fisi na mkononi hana kitu. Kwetu mtoto mchanga akidhoofika bila ugonjwa wa kuonekana, watu husema amebemendwa: mama au baba ametoka nje ya ndoa, akarudi na uchafu wake akamshika mtoto. Neno hilo ni la watoto wa watu. Masanja ndiye wa kwanza niliyemsikia akilipeleka kwa mbwa. Nani anawapikia? Nani anawashika? Mume wake yuko wapi? Bibi akaongeza habari ya shati. Baba akaitwa kutoka bondeni, ukoo na wazee wawili watatu wa jirani wakakaa uwanjani mbele ya zizi, mama akakalishwa kwenye mkeka peke yake. "Mimi nimewapa uji tu," alisema. "Mungu anaona." Mzee Shija, aliyeahidiwa yule simba, akaleta utani: "Kama mbwa wanabemendwa, basi hata kuku wangu wana kesi." Watu wakaangua kicheko, na kwa muda mfupi nilidhani tumepona. Ndipo Masanja akauliza taratibu, "Basi nielezeni. Kwa nini aliyepona ni yule mmoja tu aliyeshikwa na Mkonongo?" Kicheko kikakatika. "Anayefunga ndiye anayejua kufungua," akamalizia, na hata Mzee Shija akatikisa kichwa kukubali. Joto la kifua cha mtu, kitu pekee kilichoonyesha ukweli, likageuka ushahidi wa uongo.

Baba hakuwa mjinga. Aliniita. "Minza, wewe ulikuwepo hapa. Kuna mtu aliwafanya kitu hawa mbwa?" Masanja alikuwa amesimama nyuma yake, anaizungusha kamba ya ng'ombe kwenye kiganja kama mtu asiye na haraka. Mama aliniangalia. Sikumwangalia. Nikasema, "Sijui, baba."

Nimesema nitataja. Masanja aliwaua na akamsingizia mwingine. Bibi Nkwimba alimpa kuni za kuchochea. Luhende, baba yangu, aliogopa kuchekwa na wanaume kuliko alivyoogopa kumpoteza mke, maana usiku wa kikao kile alilia na bado asubuhi akamfukuza. Mzee Shija alikuwa na akili ya kutosha kuona upuuzi na hakuwa na uti wa mgongo wa kuusimamia. Na Minza binti Luhende alishika karai kwa mikono miwili, akasema hajui. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakukutana na baba mdogo wangu. Njia yake ina miaka zaidi ya ishirini na tano na bado anaitembea.

Mama alipandishwa lori lililobeba tumbaku hadi Mpanda, akachukue treni. Vitu vyake vilienea kwenye kitenge kimoja. Aliponiaga hakuniuliza chochote, wala hakunilaumu. Alisema tu nisisahau kumpa Watasema uji. Tangu siku hiyo jembe, maji na chungu vilikuwa vyangu, na mwalimu alipokuja kuuliza kwa nini sionekani darasani, bibi alimjibu kwamba nyumba haina mwanamke. Mama yuko hai. Anaishi kwenye boma la kaka yake kule Shinyanga, mgeni wa kudumu, anayekula akikaribishwa.

Leo nakaa Kakese, na nina mbwa wangu. Jike likikaribia kuzaa naliwekea sanduku ndani, nguo kavu, na wakati wa baridi chupa ya maji ya moto iliyofungwa tambara. Kuna bwana mifugo kijana hupita na pikipiki yake. Siku moja nilimpa chai akanieleza, amesimama, kikombe hakijaisha: watoto wa mbwa siku za mwanzo hawawezi kujitengenezea joto, akipoa tumbo linasimama, maziwa hayasagiki, na huyo anayenyamaza ndiye anayekufa. Wengine wanauawa na minyoo, wengine na viroboto wakizidi kuwanyonya damu, wengine kwa kukosa maziwa ya siku ya kwanza. Na tumbaku ni sumu, inapita kwenye ngozi. Nikamuuliza, "Na kubemendwa je?" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama, mbwa ana ndoa?" Nilicheka naye. Alipoondoka nilikaa chini. Maelezo ya nusu kikombe cha chai siku ile, na nyumba yetu ingekuwa imesimama. Siku hizi mtu anauliza kwenye simu na kujibiwa papo hapo, lakini vijana wa jirani yangu bado nawakuta wanachovya watoto wa mbwa kwenye tumbaku, na nikiwafokea wananiita bibi mbwa.

Mwaka jana nilipanda basi mpaka Inyonga, nikaendelea hadi kijijini kwetu. Baba na bibi wameshakufa. Masanja nilimkuta anaota jua, blanketi mabegani, wajukuu wamemzunguka, na wapita njia wanamwamkia kwa heshima kama mzee wa kanisa. Nikamwambia nachotaka: akusanye ukoo uleule, aseme kwa mdomo wake alichofanya. Hakukana. Aliangalia mikono yake, akasema, "Hayo yalishapita, mwanangu. Unachimbua makaburi ya nini?" Nikamwambia mama yangu hajazikwa. Akamwita mjukuu aniletee maji ya kunywa.

Basi nikaenda mwenyewe. Katika wale waliokaa uwanjani siku ile, ukimtoa Masanja, aliyebaki hai kijijini ni Mzee Shija peke yake. Nilikaa mbele yake nikamweleza yote, karai, umande, kamba, na ile "sijui" yangu. Alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, nikaona kama mzigo unaanza kushuka. Halafu akaniuliza, "Mbwa gani hao?"

"Watoto wa Watasema, babu. Wa baba mdogo Masanja."

"Mbwa siwakumbuki," akasema. "Mama yako namkumbuka. Yule aliyekuwa na Mkonongo."