Katika Sehemu ya Pili Havunji Mlango

Mume wangu ni fundi wa funguo, na mtaa mzima unamwita Komeo. Maradhi yake ni filamu za kutisha, zile za mtu mwenye kinyago anayewamaliza vijana mmoja mmoja. Haogopi, anakagua. Wenzake wakiziba macho, yeye ananinong'oneza kwamba bawaba zile zimelegea, kwamba mlango ule hata paka angeusukuma. Husema watu hao hawauawi na muuaji, wanauawa na kitasa kibovu. Miaka kumi na minane ya ndoa nayasikia hayo hayo. Nami naenda naye tu, maana nisipokwenda atanisimulia yote jikoni, na akisimulia yeye filamu huwa ndefu zaidi.

Sehemu ya kwanza ya filamu hii tuliiona mwaka juzi. Muuaji alikuwa na shoka, kila mlango anaupasua. Sehemu ya pili ilipotangazwa, Komeo akawa hana habari nyingine. Kila mteja aliyeingia dukani alielezwa kwamba sehemu za pili kwa kawaida ni zile zile za kwanza zilizoongezewa damu, lakini hii ana imani nayo. Wengi walimwitikia kwa adabu huku wakitazama saa.

Jumapili mchana akaja bwana mmoja mpole, shati limepigwa pasi, akitaka nakala ya ufunguo. Kumbe naye ni mgonjwa wa filamu hizo hizo. Loo, siku hiyo Komeo alipata mwenzake. Ufunguo umebanwa kwenye mashine, meno yanachongwa, na macho yake yote yako kwa mgeni, wanabishana kama yule muuaji alikufa kweli au alizimia tu. Mimi mwenyewe nilimpa kiti, nikammiminia chai. Akaondoka na funguo zake mbili akicheka. Mlangoni akageuka.

"Ukiiona kabla yangu, fundi, usinisimulie mwisho."

Jumatano tukaenda, onyesho la saa nane mchana, ukumbini tuko watu kumi hivi. Nikangoja shoka, halikuja. Yule mwanamke aliyenusurika kwenye sehemu ya kwanza sasa ana nyumba mpya. Amelala. Muuaji anapanda ngazi bila kelele, anatoa ufunguo mfukoni, anafungua kama mwenye nyumba. Mwili ulinisisimka. Nilidhani Komeo atafurahi, kwamba hatimaye kapatikana mtu anayeheshimu kitasa. Badala yake akaanza kunung'unika: nani kamchongea, ufunguo hauoti kama uyoga, lazima yupo fundi. Akakatisha hapo hapo. Nikamtazama, uso ulikuwa umesawijika.

"Mke wangu," akasema, "ufunguo wa yule bwana wa Jumapili ulikuwa umefungwa nini?"

"Uzi mwekundu," nikajibu, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba uzi ule niliufunga mimi.

Miezi miwili kabla, muuguzi mmoja wa mtaa wa pili alikuja dukani na binti yake wa miaka tisa. Alitaka kitasa kipya siku ile ile. Hakutuficha: amemkimbia mumewe, na mume ameapa kwamba siku akiingia ndani atamuua. Mume huyo hatukuwahi kumwona. Komeo akaenda kukifunga kitasa mwenyewe, funguo mbili tu, wa mama na wa mtoto. Wa mtoto nikaufunga uzi ule mwekundu asije akaupoteza. Na mtoto huyo kila Jumapili hushinda kwa bibi yake, mama wa baba.

"Tumemchongea," akasema Komeo.

Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Muuguzi yule hufanya kazi usiku, mchana hulala na simu huizima. Mumewe anajua hilo kuliko sisi. Tukatoka filamu ikiwa katikati. Tukapitia dukani kuchukua kitasa, kisha nikapanda nyuma ya baiskeli, naomba Mungu huku nimemkasirikia mume wangu kwa domo lake, na nimejikasirikia zaidi kwa ile chai.

Tulipanda ngazi, tukabisha mlangoni kwake mpaka ngumi zikauma. Akafungua, macho ya usingizi, mzima, mtoto bado yuko shule. Tukamweleza pale pale tukiwa tumesimama. Hakulia wala hakutulaumu. Akapiga simu polisi, wakasema wako njiani, akakaa chini mgongo ukutani.

Komeo akang'oa kitasa cha zamani, akapachika kipya, mimi nimeshika skrubu. Zilikuwa zimebaki mbili tuliposikia mtu anapanda ngazi, polepole. Ufunguo ukaingia tunduni. Ukakwama. Ukajaribiwa tena bila haraka. Kisha ukachomolewa. Nikakumbuka baiskeli tuliyoiacha chini ukutani, na jina la Komeo lililoandikwa ubavuni mwa boksi la vifaa lililofungwa mbele yake.

"Fundi," ikasema sauti ile ya upole, karibu kabisa na mbao, "mwisho wake ukoje?"

Mume wangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kuulizwa habari za filamu akanyamaza, alinyamaza. Aliegemeza bega mlangoni, akaninyooshea mkono wa nyuma, nikamwekea skrubu kiganjani.